Bipu Moja

Sabuni ya mche naikata kwa uzi,
si kwa kisu. Kisu kinakula makombo.
Vipande saba, naviweka juu ya kabati
vikauke wiki nzima, viwe vigumu kama vigae,
maana sabuni mbichi huisha ukiitazama.

Haya nilifundishwa na mwaka ule
kiwanda cha minofu kilipofunga geti
na Nkwabi akarudi Igogo saa nne asubuhi,
buti zake za mpira mkononi.
Hakusema kitu. Alizipanga ukutani,
kushoto, kulia,
kama mtu mwenye zamu kesho.

Tangu siku hiyo jiwe la nyuma ya nyumba
likawa mwajiriwa wetu.
Mchana lilitukaushia dagaa na nguo.
Jioni, likiwa bado na joto la jua,
niliweka maharage juu yake, sufuria imefunikwa gunia,
yalainike kabla mkaa haujaguswa.
Mvua ikija, maji yaliteremka mgongoni mwake
moja kwa moja hadi kwenye beseni,
nami niliyasikia nikiwa kitandani, nikihesabu:
dumu la kwanza, la pili,
hela ambayo muuza maji
hataifuata mlimani kwetu.

Mkaa niliuzima kwa kuufunika.
Ukiumwagia maji, kesho unanuna.
Vumbi lake nilifinyanga na udongo, vitonge vitonge,
mikono ikawa ya fundi gereji.
Mwaloni nilikwenda jua likiwa limeshachoka,
saa ambayo muuza samaki anahesabu nauli, hahesabu faida,
nikarudi na vichwa viwili vya sangara
na mfupa wenye nyama ya kubembeleza.
Mchuzi ule! Hata Mama Getruda
aligonga mlango kuuliza tumechinja nini.

Lakini sitajisifu kwa yote.
Usiku mmoja Kwandu alikuwa anasoma,
meza yake ndoo iliyogeuzwa,
nami nikaona luku imebaki mbili nukta nne.
Nikazima taa.
Nikamwambia, hesabu haziibiwi, utazikuta asubuhi.
Hakubisha. Alichukua daftari, akatoka,
akakaa juu ya jiwe
palipofika mwanga wa taa ya ulinzi ya nyumba ya juu,
mbu wakila bure.
Niliokoa kiasi gani usiku ule?
Nimeipiga hesabu hiyo mara nyingi.
Haijawahi kutoka.

Sasa ana nyumba Buswelu, ina geti na jokofu.
Anasema, Mama, nunua sabuni ya unga, nimetuma hela.
Hela ikiingia
naikata vipande saba kwa uzi.
Nilipokwenda kwake nilimwona
akitoka jikoni, akazima taa,
kisha akarudi nyuma hatua mbili
kuhakikisha giza ni giza kweli.
Nilitaka kumwambia kitu.
Nikamwambia, mwanangu, chumvi imezidi kidogo.

Vifurushi siku hizi ni bei ya karanga,
lakini sisi bado tunabipu.
Moja: nimefika salama.
Mbili: kuna jambo, si la haraka.
Tatu: pokea, iwe gharama yoyote.
Ya tatu tumeitumia mara moja tu,
alfajiri ile ya Nkwabi, nikiwa Bugando.
Nilichosema sikikumbuki.
Nakumbuka zilikuwa sekunde thelathini na tisa.

Jana Kwandu ameondoka hapa mvua ikianza,
mfuko wa mapera kichwani badala ya mwavuli.
Nikakaa gizani, kama kawaida yangu,
nikisikiliza beseni likijaa,
likafurika, nisiinuke.
Saa mbili na robo simu ikalia mara moja,
ikakatika.

Nikawasha taa.
Nikaiacha iwake
bila kazi yoyote.